Mifuko ya Goli

Mtu akiniambia "Bwana asifiwe, haikuwa kichwa", ninanyamaza kwa sababu nimelelewa vizuri. Lakini moyoni ninamjibu, na majibu yenyewe si ya kuandikwa hapa. Haikuwa kichwa, sawa. Ulikuwa mkono. Mkono wa kulia wa binti yangu, mtoto wa miaka kumi, mkono anaoandikia, anaosukia nywele za mdogo wake, anaonisaidia nao kupanga samaki mezani. Tangu lini watu wakapiga makofi kwa sababu mtoto amevunjika mkono?

Ninauza samaki wakavu sokoni Kikula, wale wadogo wadogo wanaotoka ziwa Tshangalele. Jumatano ile jua lilikuwa limefika utosini nilipomwona binti yangu anakuja katikati ya meza, bado amevaa sketi yake ya bluu ya shule. Rafiki yake alikuwa amembebea mfuko wa madaftari. Yeye mwenyewe alikuwa ameukumbatia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anatembea polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Halii. Hicho ndicho kilichonitisha, maana huyu wangu hulia hata akichomwa na mwiba wa samaki.

"Mama, goli iliniangukia," akasema. "Juu ya mukono."

"Goli gani? Saa gani?"

"Asubui. Ku jimnastiki."

Asubuhi! Na hapo ni mchana, wenzangu wanafungua vyombo vya chakula. Nikamuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Alikuwa darasani. Walimkalisha kwenye benchi lake, wakamwambia atulie, uchungu utapita, na wasichana wakubwa hawalii. Kisha ikafika saa ya dikte, mwalimu anasoma, watoto wanaandika. Kwa kuwa mkono wa kulia ulishindwa kushika kalamu, mwalimu wa darasa alimwambia aandike na wa kushoto. Ninarudia kwa wale wanaosoma haraka haraka: mfupa umevunjika, mtoto anaandika dikte. Na kengele ilipolia wakawaacha warudi kwa miguu, peke yao, yeye na mtoto mwenzake.

Nilimwachia jirani meza na samaki, sikuaga hata mteja niliyekuwa ninampimia, tukapanda pikipiki mpaka hospitali. Walipiga picha. Daktari, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, aliitazama picha ile dirishani, akatikisa kichwa.

"Mama, mufupa ya kiwiko imevunjika na imehama. Mungekuya palepale, tungeirudisha muzuri. Sasa imevimba sana. Juu ya nini mulingoja?"

Kwa nini tulingoja! Alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyesomesha ile dikte. Nilimeza maneno yangu kwa sababu alikuwa ameushika mkono wa mtoto wangu, na nilitaka aushike vizuri.

Sasa lazima nieleze lile goli, maana asiye wa Likasi atafikiri ni vijiti viwili na kamba. Huku kwetu chuma cha kiwanda hakitupwi. Bomba lililochoka kubeba maji ya mgodi linakuwa kitanda, linakuwa geti, linakuwa msalaba wa kaburi. Magoli ya shule ile yametengenezwa kwa mabomba ya namna hiyo, manene, yameunganishwa kwa moto, na kuliinua moja kunahitaji wavulana wakubwa wa kutosha. Na waliyainua kila wiki! Kwa sababu kiwanja kile kina wenyewe wawili. Siku za kazi ni cha shule. Jumapili ni cha kanisa letu, maana hatujajenga bado, tunasali pale chini ya turubai kubwa. Basi Jumamosi wavulana wanayabeba magoli mpaka pembeni ya ukuta ili viti vipate nafasi, Jumatatu wanayarudisha. Goli la kubebwa haliwezi kuchimbiwa chini. Linasimamishwa tu juu ya udongo, na miguu yake ya nyuma inakandamizwa na mifuko iliyojazwa mawe meusi, yale mabaki ya kuyeyusha shaba, mazito kuliko unavyodhani ukiyatazama.

Mifuko yenyewe tulitoa sisi wazazi, shule ilipofunguliwa. Mimi nilitoa wangu wa samaki, unanuka kidogo lakini una nguvu. Nilishona mdomo wake kwa uzi wa bluu, kama ninavyoshona mifuko yangu yote ili isipotelee njiani kutoka ziwani.

Na mwalimu wa jimnastiki hana kitu. Hana godoro la kuangukia, hana kamba, mpira wenyewe ni wa mtoto mmoja ambaye siku akinuna hakuna mpira. Kwa hiyo mwamba wa juu wa goli ndio chombo chake. Watoto wananing'inia, wanajivuta mpaka kidevu kivuke chuma. Binti yangu alikuwa hodari kwa kazi ile, aliwashinda wavulana, akawa anatuchosha nyumbani kwa kutuonyesha misuli. Siku ile alirukia mwamba kama kawaida yake, goli likaja mbele, yeye chini, chuma juu ya kiwiko.

Jioni mwalimu yule alikuja kwetu, machungwa yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki, filimbi bado iko shingoni. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, minye niko mumoja," alisema. "Banaunganisha madarasa mbili, minye na filimbi tu. Nilikuwa ku ile goli ingine."

Nilimwambia angetazama kwanza kama goli limekandamizwa kabla ya kuwaachia watoto walirukie. Alikubali, hakubisha, macho yakamlenga machozi. Hasira yangu kwake ikaishia hapo. Ilikuwa na safari ndefu zaidi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisini kwa direktere, mkuu wa shule. Alinipa kiti, akanipa pole, akanipa Bwana asifiwe haikuwa kichwa. Kisha akainamisha sauti kama mtu anayenipa siri.

"Mama, hii kiwanja iko na kitu. Mwaka ya jana mutoto alivunjika meno palepale. Mbele yake, ingine alivunjika muguu. Weye unaona hiyo ni bule? Nimekwisha kusema na pasta. Siku ya Yenga tutaomba, tutapakala magoli mafuta. Na weye utatoa ushuhuda."

Siku ya Yenga ndiyo Jumapili. Nikamuuliza: na Jumatano, goli litasimamaje?

"Tukisha kuomba, hakuna kitu itaanguka tena."

"Chimbieni ile goli chini, direktere. Mutie sementi."

"Na kanisa?" akaniuliza, kwa mshangao wa kweli. "Viti vitapita wapi?"

Aka! Nilitoka pale nimechemka. Mimi ni mtu wa maombi, mtu asinielewe vibaya. Nimefunga, nimekesha, nimeomba mvua na nimewaombea wengine visa ya kusafiri. Lakini mume wangu anafanya kazi kiwandani, na pale getini mtu mzima mwenye ndevu harudishwi nyumbani kwa sababu hana imani; anarudishwa kwa sababu hana kofia ngumu na viatu vya chuma. Mji mzima huu unajua chuma kikining'inia kinafanya nini. Baba zetu waliacha vidole, waliacha migongo, mpaka wenye kiwanda wakajifunza kufunga kila kitu kwa nati. Halafu mtoto anapeleka kichwa chake kitupu chini ya bomba lilelile, tunamwambia ni pepo! Na Jumatano ijayo mtoto mwingine ataurukia ule mwamba. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko hata mkono wa wangu, ambao tayari ulikuwa ndani ya plasta ngumu ya hospitali.

Jumapili tulikwenda. Kulikuwa na ule upepo wa kabla ya mvua za kwanza, turubai linapumua juu yetu, linapanda na kushuka. Tulikaa pembeni ili watu wasimgonge mtoto mkono. Kwaya ilikuwa inaimba, mimi nimeinamisha macho ninatafuta maneno ya ushuhuda ambayo hayatanitoa machozi, ndipo nikaona uzi wa bluu.

Mfuko wangu. Ule wa samaki. Ulikuwa umefungwa kwenye kamba ya turubai, karibu na kiti changu, umeikandamiza vizuri kabisa. Nikatazama kamba inayofuata: mfuko wa shule. Inayofuata: mfuko wa shule. Turubai lote la Bwana lilikuwa limeshikwa na mifuko ya magoli.

Nikamvuta shemasi anayetunza vyombo vya kanisa, nikamuuliza sikioni mifuko hii inalala wapi. Akanijibu kwa fahari. Ibada ikiisha anaikusanya yote, anaifungia ndani ya depo pamoja na viti na ngoma, ufunguo anao yeye mpaka Jumapili nyingine. Kwake hakuna kitu kinachopotea, akasema. Zamani walikuwa wanaiacha kiwanjani ovyo ovyo, yeye ndiye aliyeleta utaratibu, kuanzia Jumapili iliyopita.

Utaratibu! Basi Jumatatu wavulana walirudisha magoli, mifuko imefungiwa. Walimu waliona magoli yamesimama, kila mmoja akafikiri mwenzake anajua. Jumatano mtoto wangu akarukia chuma kisichoshikwa na chochote, na mifuko imepumzika kivulini na ngoma.

Pasta alimaliza kupaka mafuta magoli pale ukutani. Chuma kikang'aa, watu wakapiga vigelegele. Kisha akaniita. Nilikwenda mbele na binti yangu, plasta yake nyeupe mbele ya watu wote. Pasta akanipa mikrofoni, akanielekeza kwa upole: nimshukuru Mungu kwa kulinda kichwa.

Nikasema, "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Ninaomba munisaidie kidogo."

Nikamrudishia pasta mikrofoni yake. Nikaenda kwenye kamba ya mfuko wangu, nikainama, nikaufungua. Nilikuwa ninaukokota kuelekea kwenye goli, nimepiga hatua kidogo tu, upepo ukaja. Sikuuagiza mimi. Turubai lilipanda upande ule kwa kishindo, mlingoti ukalala, na watu wote wakasimama. Wanaume waliruka viti. Mama mmoja mnene, mwenye magoti mabovu, alidandia kamba akaning'inia nayo. Shemasi alikumbatia mlingoti kwa mikono yote miwili. Pasta aliangusha mikrofoni ikapiga kelele chini, yeye tayari ameshika ncha ya turubai. Hakuna aliyeambiwa. Hakuna aliyengoja. Hakuna aliyesema tuombe kwanza.

Upepo ulipotulia walikuwa bado wameshikilia, wananitazama kama mwenda wazimu. Sikuhitaji mikrofoni.

"Mumeona?" nikasema. "Hii ni turubai. Nguo tu! Na mumeikimbilia wote. Mutoto wangu aliangukiwa na chuma, mulimupa dikte. Mufuko hii njo ilikuwa inashika goli. Munaifungia na ngoma. Munatafuta pepo wapi? Pepo gani tena, bandugu?"

Hapo nikalia, na nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Direktere alikuwa mstari wa mbele, anatazama viatu vyake. Mwalimu wa jimnastiki alitoka nyuma kabisa, akauchukua ule mfuko mikononi mwangu, akaupeleka kwenye goli.

Sikutegemea kitu. Lakini Jumanne wanaume wa kanisa walikuja na sururu, mume wangu akiwa kati yao, wakachimba mashimo, wakamimina sementi. Siku hizi goli moja liko katikati ya waumini. Viti vinalizunguka, pasta anahubiri akiwa amesimama kati ya milingoti kama golikipa, na shemasi bado ananung'unika kwamba limeharibu mpangilio. Wengine wanasema nilimwaibisha mtumishi wa Mungu. Waendelee kusema.

Plasta ilipotolewa, kiwiko hakikunyooka. Daktari alisema ndivyo kitakavyobaki, kwa sababu ya zile saa za kuchelewa. Binti yangu ameanza tena jimnastiki, lakini kuning'inia hawezi, anahesabia wenzake. Darasani akinyoosha kidole kujibu, mkono unaishia karibu na sikio, na mwalimu wa mwaka huu alikuwa akimruka akidhani mtoto hana hakika ya jibu. Ilibidi niende kumweleza.

Jumapili pasta anasema, "Tuinue mikono yote mbele za Bwana!" Binti yangu anainua. Wa kushoto unafika juu, wa kulia unabaki njiani. Tunasimama karibu na mlingoti wa goli, na kila Jumapili, wengine wakiwa wamefumba macho, ninausukuma kwa kiganja, kwa nguvu zangu zote. Hautikisiki hata kidogo. Kuuchimbia chini ilikuwa kazi ya asubuhi moja.