Siku Mama Alipokubali Kwamba Inauma

Wiki hii, katika wodi ya wanawake mjini Thika, daktari wa usingizi alikuja kumwona mama yangu, aliyekuwa amepasuliwa tumbo siku iliyotangulia. Mama alikuwa anaogopa hata kukohoa, lakini alipoulizwa kama ana maumivu, akajibu, "Sina shida, daktari. Sisi watu wa Makongeni hatulii ovyo."

Daktari, dada mwembamba, alikuwa ameegemea kitanda akikunja na kukunjua vidole.

"Na huo mkono?" mama akauliza.

"Unaniuma, mama. Tangu asubuhi nainua videvu vya wagonjwa niliowalaza kwa dawa ili wapasuliwe, wapate kupumua vizuri. Mgongo nao, wacha tu."

"Na unasema hivyo mbele ya watu?"

"Nisiposema, nani atanipokea zamu?"

Mama akatazama dari. Kisha akasema polepole, "Basi hata mimi inauma. Inauma sana."

Akadungwa dawa. Jioni alikohoa, akashuka kitandani, akatembea hadi dirishani akinishika bega. Nilijivunia hatua zake, lakini nilijivunia zaidi lile neno "inauma", ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Tukirudi kitandani, jirani yake wa kitanda cha pili alikuwa ameuma shuka, akisema yuko sawa.

"Sema ukweli, mama," mama akamwambia. "Hata daktari mwenyewe anaumwa."