Beji Mbili kwenye Msumari

Usiku ule, baada ya dua na pilau ya kumuaga Zuhura, nililala nimeshiba hadi kitanda kikalalamika. Pilau ile ingelisha kambi ya jeshi na jirani zake. Na mimi ndiye niliyewachekesha wageni. Niliwaambia baridi ya ng'ambo ni baridi ya kisirani, ukitema mate yanafika chini yakiwa kokoto. Ukisahau kufunga mdomo, meno yanahama yenyewe kutafuta joto. Zuhura alicheka kuliko wote. Keshokutwa alikuwa anapanda ndege kwenda kufanya kazi ileile aliyoifanya baba yake, Shaweji, rafiki yangu, tuliyemzika hapa Korogwe mwaka juzi.

Kazi yenyewe niieleze, maana mimi si mtu wa kubahatisha: kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, ndevu zikiwa zimeshanifika kifuani, na fizikia nilifaulu hadi mwalimu akaisahihisha karatasi mara tatu kwa mashaka. Kinu cha umeme wa nyuklia hupozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mabomba. Maji yale hulamba chuma, yakabeba chembe za kutu ndogo kuliko vumbi la unga. Chembe zikipita katikati ya kinu hugeuka, zinaanza kutoa mionzi. Halafu zinakwenda kujibanza kwenye kona za mabomba na ndani ya valvu. Kinu kikizimwa kwa matengenezo, lazima aingie mtu na kitambaa chenye unyevu, afute. Unafuta mara moja, unakunja, unafuta kwa upande mwingine. Upande uliokwisha kugusa haurudishwi.

Shaweji alikuwa mfutaji. Mimi nilikaa stoo ya kinu hichohicho, kwenye dirisha la kutolea ovaroli, mahali safi kabisa. Kila mtu alivaa beji kifuani ya kuhesabu mionzi aliyopata. Beji ikijaa, mkataba umekwisha, unarudi kwenu.

Usingizi ulinichukua, nikawa nimesimama stoo kule kule. Ovaroli zimepangwa, taa ni nyeupe, na kwenye ukuta upo msumari niliokuwa nikitundika beji yangu. Shaweji akaja dirishani. Hakuwa na ovaroli, alikuwa amevaa sanda yake, na nywele zimerudi zote, zile zilizokuwa zimemtoka hospitalini.

"Profesa," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nianze masomo ya jioni. "Hujazeeka. Umenenepa tu."

Nikacheka. Nilifurahi sana kumwona, nikataka kumwambia alivyokosa pilau. Yeye akanyoosha mkono.

"Nipe beji yangu."

Nikageuka. Kwenye msumari zinaning'inia beji mbili, yake na yangu, vilevile kama zilivyoning'inia mwaka mzima. Maana Shaweji alikuwa akipita kuchukua ovaroli, ananipa beji yake niitundike, anaingia kwenye mabomba bila beji kifuani. Akitoka anaichukua. "Ikijaa mapema wananirudisha," alisema siku ya kwanza, "na Zuhura ndiyo kwanza yuko kidato cha pili." Nami nikamjibu, "Leta, msumari haulalamiki." Tukacheka. Tulicheka mwaka mzima.

Navuta beji yake, haitoki. Kamba imeshikana na msumari, imeota kutu, kutu inaniingia kwenye kucha. Nikigeuka kumwambia asubiri, stoo haipo. Tuko uani kwa Mama Zuhura, mkeka umetandikwa, masufuria ya pilau yamepangwa. Shaweji amechuchumaa, amechana kipande cha sanda, anafuta sufuria kwa ndani. Anafuta mara moja, anakunja, anafuta tena. Kila upande unatoka na rangi ya kutu. Na mahali fulani kile kidude cha kupimia mionzi kinalia, kinapasuka kama bisi, na wageni wanadhani ni ngoma, wanapiga makofi.

"Acha, sanda itakwisha," namwambia.

Anachana kipande kingine. Ninaona miguu yake imebaki wazi hadi magotini, myembamba kama ilivyokuwa wodini, siku daktari alipofungua faili akasema karatasi za kule zinaonyesha mionzi kidogo sana, chanzo cha ugonjwa tukitafute kwingine. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Shaweji alinitazama, mimi nikatazama dripu.

Kisha Zuhura anatoka ndani amevaa ovaroli, kilemba kimefungwa vizuri. Ananijia anacheka, anavua beji kifuani.

"Baba mdogo, nitunzie."

Na mimi naipokea! Mkono wangu mwenyewe unaipokea, mdomo wangu unatabasamu, unasema leta, msumari haulalamiki. Natundika ya tatu. Zuhura anainama, anaingia kwenye sufuria kama anayeingia kwenye bomba, miguu yake inapotea.

Shaweji akasimama. Sanda imekwisha, imebaki kipande kimoja mkononi.

"Msumari bado una nafasi, Profesa?"

Nikatafuta mzaha. Mimi, ninayeweza kuchekesha msiba! Sikupata hata mmoja.

"Mwambie Zuhura zile namba za kwenye faili ni za nani," akasema. Akanifuta mdomo kwa kile kipande, mara moja tu, akakikunja.

Nikazinduka. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Kulikuwa kumepambazuka, na sikunawa hata uso, nikaenda.

Begi la Zuhura lilikuwa tayari barazani, limefungwa utepe mwekundu. Mama Zuhura akanipokea kwa kicheko. "Shemeji! Umerudi kumalizia ukoko?"

"Niitie Zuhura."

Akaja na kikombe cha chai mkononi. Nikamwambia asiende. Akatabasamu, akadhani ninaanza kisa. "Baba mdogo, mbona karatasi za baba zilikuwa safi? Daktari alizisoma mbele yako."

"Zile namba si za baba yako," nikasema. "Ni za msumari."

Nikawaeleza yote, stoo, dirisha, beji mbili, mwaka mzima, na wodini nilivyonyamaza. Nilipomaliza, Zuhura aliketi kwenye ngazi, chai ikimwagika polepole na yeye haioni.

"Alikuwa anauliza," Mama Zuhura akasema, sauti ndogo. "Kila usiku wodini ananiuliza, Profesa hajasema kitu?"

Akalinyanyua begi, akaliingiza ndani. Akarudi, akamshika mwanawe mkono, akamwingiza. Kisha akafunga mlango, na nikasikia komeo.