Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Asubuhi ile Elieneza alikuwa ameketi juu ya tairi bovu la lori, karibu na banda la chai la Mama Zaina, akizipaka risasi zake mafuta. Alizitoa mfukoni moja moja, akachovya kidole katika kopo la mafuta ya mkia wa kondoo, akalizungushia ganda la shaba taratibu kama mtu anayempaka mtoto baada ya kumwogesha. Malori yalikuwa yanashuka kutoka machimbo ya jasi, na vumbi jeupe lilikuwa limeshatua juu ya vikombe vyetu.

"Leo unazikaanga na vitunguu?" Mama Zaina alimuuliza.

"Nazikaanga kavu, mama. Vitunguu vyako unavikata kwa huruma mno."

Mimi nilikuwa mgeni Makanya, kama nilivyokuwa mgeni kila mahali. Niliacha shule darasa la tano, nikauza nyanya Same, nikakausha samaki ziwani Jipe mpaka harufu yake ikanikinaisha, nikaondoka. Hapo machimboni nilikuwa naponda mawe ya jasi pamoja na wanawake wengine. Hata chai nilikunywa nimesimama, nikizungukazunguka kuangalia hiki na kile. Siku zile kilichonivuta kuliko vyote kilikuwa bunduki ya Elieneza.

Ilikuwa bunduki ya risasi moja. Unaikunja katikati, unatia risasi, unaifunga, unapiga. Kisha unaikunja tena ili ganda tupu litoke, ndipo utie nyingine. Baba yake aliitumia kufukuza nguruwe na nyani mashambani kwao Mhezi, juu milimani. Elieneza aliirithi kwa kibali, akashuka nayo alipokuja kulima bondeni na mkewe, Nakiete.

"Mafuta ya nini?" nilimuuliza.

"Kwetu ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Usipopaka, shaba inaota kijani. Baba alipaka, na mimi napaka."

"Huku hakuna ukungu, kaka."

"Huku kuna maswali," alisema, na tangu hapo akaniita Maswali.

Haukupita muda, watu wenye silaha wakatokea upande wa nyika. Redioni waliitwa wahalifu, na waliyotufanyia yaliitwa matukio. Sisi tuliokimbia tukiwa na watoto mgongoni tulisema vita. Walichukua ng'ombe kwanza. Waliporudi walichukua mbuzi na kumuua mchungaji. Baadhi ya wanakijiji walidai wametoka mbali, wengine walinong'ona kwamba wamo wanaotujua kwa majina. Bunduki zao zilitema risasi mfululizo, kama mtu anayepasua kitambaa kirefu.

Shule ikafungwa. Machimbo yakasimama, ila vumbi halikusimama. Upepo uliendelea kulileta. Siku walipolitoboa tangi la maji la kijiji kwa risasi, tulibaki na kisima kimoja tu, shimo tulilochimba katika mchanga wa korongo, ng'ambo ya reli.

Wanawake tulikwenda huko kwa kundi, na wanaume wachache wakitusindikiza kwa mapanga na mishale. Bunduki ilikuwa moja.

Mara ya kwanza ilipokwama, hatukuwa hatarini sana. Elieneza aliona watu mbali vichakani, akapiga kuwatisha, nao wakapotea. Alipoikunja bunduki, ganda halikutoka. Kuna kijino kidogo cha chuma kinachoshika ukingo wa ganda na kulisukuma nje. Kijino kiliteleza. Ganda likabaki ndani kama jino lililogoma.

Elieneza hakuhangaika. Alichomoa ufito wa mti wa mkole mgongoni, mwembamba na ulionyooka, akauingiza kwenye mdomo wa mtutu mpaka ukagota, akaugonga kwa jiwe. Ganda likaanguka mchangani.

Mimi ndiye niliyeliokota. Lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, mzito, kama uji wa jana ulioganda ubavuni mwa sufuria.

Sikulala vizuri kwa ajili ya utando ule. Kesho yake nilichukua maganda mawili matupu, moja nikalipaka mafuta ya Elieneza, lingine nikalifuta kwa kanga, nikayaweka yote juu ya ukuta wa banda la Mama Zaina. Jioni nilimpelekea Elieneza. Lililofutwa nililipuliza, likawa safi. Lililopakwa lilikuwa limevaa koti la jasi.

Aliligeuza vidoleni kwa muda mrefu.

"Baba yangu hakuwahi kukwama," alisema.

"Baba yako hakulinda Makanya."

Mama Zaina alicheka. "Wallahi, leo mtu wa mlimani kafundishwa kupika!"

Elieneza hakucheka, lakini alikaa palepale akazifuta risasi zote, akazungusha kitambaa ndani ya mtutu mpaka kikatoka bila weupe. Ufito akanikabidhi mimi, kwa kuwa kila mara nilikuwa nimeushika. Kwa muda mrefu baada ya hapo bunduki haikukwama.

Kisha asubuhi moja yakaja manyunyu. Kwetu bondeni mvua ya namna ile ni kama mgeni aliyekosea njia. Inagonga bati, inaondoka. Tulipokusanyika kwenda kisimani jua lilishatoka na upepo ulikuwa umeanza. Niliona vidole vya Elieneza vinang'aa.

"Umepaka?"

"Mvua, Maswali," alisema. "Mvua." Aliona aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa akiongea na marehemu. Nilitaka kusema neno, lakini wenzetu walikuwa wameshajitwisha ndoo.

Korongoni upepo ulipita kwa nguvu. Vumbi lilikuwa linaturudia machoni. Elieneza alipanda juu ya jiwe lililo kati ya kisima na nyika, nikasimama nyuma yake na ufito wangu. Wanawake wakaanza kuteka kwa kata, polepole, kwa sababu maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo.

Kwanza tulisikia ng'ombe.

Wale wenye silaha walikuwa wameiba kundi jingine, na kundi lilikuwa na kiu kama sisi. Walitokea kwenye kona ya korongo. Walituona tulipowaona.

Elieneza alipiga. Mmoja wao alianguka au alilala, sikujua. Wengine wote walilala chini nyuma ya ng'ombe.

Aliikunja bunduki.

Ganda halikutoka.

Alijaribu kwa ukucha. Akajaribu kwa kisu. Nilimsogelea na ufito.

"Lete mdomo wa mtutu," nilisema.

Alitazama mbele, kisha akatazama nyuma. Wanawake walikuwa wameacha ndoo, lakini tuta la reli ni refu na lina kokoto zinazoteleza. Mmoja alikuwa mjamzito, anapanda kwa magoti.

Akaifunga bunduki, ganda likiwa ndani. Akaiweka begani, akalenga.

"Nikiishusha watajua," alisema.

"Ni kugonga mara moja tu, kaka."

"Nenda ukamvute yule dada."

Nilikwenda. Nilimshika mkono yule mjamzito, tukapanda. Niligeuka kutazama. Elieneza aliuhamisha mtutu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na kila alipoelekeza, kichwa kiliinama. Watu wenye bunduki za kutema risasi mfululizo walilala mchangani wakiogopa risasi ambayo haikuwapo.

Tulivuka reli sote, wanawake na wanaume wa mapanga, isipokuwa yeye.

Ndipo nikasikia kitambaa kikipasuka.

Waliondoka na ng'ombe wao. Bunduki waliiacha juu ya mwili wa Elieneza. Nadhani waliikunja, wakaiona haifai. Gari la polisi lilifika kutoka Same wakati tumeshamfunika. Mwenyekiti wa kijiji aliwaomba polisi bunduki ikabidhiwe kituoni mazishi yakiisha.

Tulimzika Mhezi, kwenye ukungu. Baada ya ibada Nakiete aliniita jikoni, akaweka bunduki mapajani mwangu.

"Litoe," alisema.

Niliingiza ufito, nikagonga kwa mchi wa kinu. Ganda likatoka mara moja, likabingirika mpaka kwenye mafiga.

Alilitazama. "Na pale kisimani lingetoka?"

"Lingetoka, dada."

"Naye alijua."

"Alijua."

Sikumwambia lolote kuhusu mafuta. Nimezunguka sana tangu wakati ule, na nimejiuliza njiani: ganda lisingekwama, angepiga risasi ngapi, na wangeinuka lini? Sijapata jibu. Ninachokijua ni kwamba yule mjamzito alijifungua salama, na kwamba Nakiete analima peke yake.

Jioni ile ya mazishi, kabla ya kuipeleka bunduki kituoni, Nakiete alishusha kopo la mafuta kutoka darini. Akachovya kidole, akaanza kuupaka mtutu, taratibu, kutoka shinani hadi mdomoni.

"Huku kuna unyevu," alisema.

Nikamshikia kopo.