Kumtafuta Mkuu wa Chuo, Mwenyewe Angali Kitini

Mimi sipendi mambo ya kushtukizana. Chuo chetu cha ufundi, huku upande wa Ushetu, kiliwahi kukaa mwaka mzima bila mkuu kwa sababu aliyekuwepo alikimbilia migodini Geita bila hata kuaga. Walimu walivutana, wanafunzi wakarudi makwao kulima tumbaku. Nilipochaguliwa kuwa katibu wa bodi niliapa kwamba hilo halitajirudia mikononi mwangu. Mkuu wetu wa sasa alikuwa anakaribia kustaafu, ila tarehe hakutaka kuitaja, na bila tarehe bodi isingeweza kutangaza nafasi. Nilimwuliza mara tatu. Mara zote tatu aliniagizia chai.

Nikaona isiwe taabu, nikaandika mpango wa kurasa kumi na moja: nani akae kwenye kamati ya usaili, tangazo litoke lini, mkuu mpya afanye kazi na wa zamani kwa muhula mzima. Nikapeleka na taarifa kanisani, ikasomwa baada ya misa: bodi inaanza kumtafuta mkuu mpya wa chuo, wazazi waje Jumamosi watoe maoni. Nilijisifu moyoni, kusema kweli.

Nilichosahau, mimi niliyezaliwa hukuhuku, ni kwamba kwetu mtu hatafutiwi mrithi akiwa anapumua.

Jumamosi asubuhi liliingia fuso limejaa akina mama. Walishuka na kuni, ndoo za unga na kuku wawili, kanga wamejifunga viunoni. Wakatandika mikeka mbele ya ofisi, wakaketi kimya. Mmoja wao, mama mtu mzima, alinishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu. Mzee kaugua siku ngapi?"

Sijajibu, mkuu akatoka karakana ya useremala, mikono ya shati imejaa vumbi la mbao.

"Mwangaluka," akawasalimu.

Hakuna aliyeitikia. Akatazama kuni, akatazama unga.

"Nani kafariki?"

"Wewe, baba," yule mama akasema taratibu. "Tumesikia wanatafuta mwingine."

Aligeuka akanitazama, na niliona ameumia. Niliona aibu, ila sikujuta, na sikuwa tayari kujifanya najuta.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia mbele yao. "Ungenitajia tarehe, kuni hizi zingebaki majumbani mwao."

Akina mama walicheka kwanza. Yeye alichelewa kidogo, kisha akacheka mpaka akaushika mlango.

"Marahaba. Basi unga usirudi. Pikeni."

Tukala ugali na kuku wa msiba niliouzua mimi mwenyewe. Baada ya kula nikafungua daftari, nikawauliza wazazi wanataka mkuu wa namna gani. Nilitegemea watasema msomi, au mchapakazi. Yule mama akanawa mikono bila haraka, ndipo akajibu.

"Tunataka ambaye tukimwuliza anaondoka lini, hatasema tunamwombea kifo."

Wote tukamwangalia mkuu. Akasimama.

"Mwezi wa sita mwakani," akasema kwa sauti, "chuo kikifungwa, nami nimemaliza."

Walipiga makofi na vigelegele. Niliandika tarehe ile kwa herufi kubwa, na furaha yangu haikujificha. Nilikuwa nimeshinda. Chuo hakitalala tena bila mkuu, na nitakayemkabidhi kiti atakikuta bado kina joto.

Mkuu aliketi karibu yangu, akaniinamia ili wengine wasisikie.

"Sawa, katibu. Na mimi mwezi wa saba, nikiamka asubuhi, niende wapi?"

Nilifungua mpango wangu, nikaupekua wote mbele yake. Kamati nilikuwa nimeipangia kazi, na walimu, na wazazi, hata mlinzi wa getini. Yeye, baada ya miaka yote ile, nilikuwa nimemwandikia mstari mmoja: akabidhi funguo.