Kidole cha Mayi na Mlo wa Chatu

Enzi zetu kule Shauri Moyo, mtoto aliyekataa chakula alikuwa na moja kati ya mambo mawili: malaria au kiburi. Malaria ilitibiwa kwa dawa chungu, kiburi kwa mwiko. "Nimeshiba" halikuwa jibu. Nawaandikia nyinyi mliokulia kwenye zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji, mnaojua ninachosema, kwa sababu juzi nimemaliza wiki sita za kulisha nyoka hapa Umoja na mikono yangu bado haijatulia. Naosha sufuria safi. Nafungua friji, naifunga, naifungua tena.

Msishtuke. Ni chatu mdogo, wa aina ile ambayo ikiogopa hujikunja ikawa mpira, kichwa katikati. Ukimnyoosha ananifika kifuani. Ni wa binti yangu Nekesa, ambaye ana kibali cha serikali cha kumfuga na amekitia fremu kama cheti cha ubatizo. Anaitwa Kadogo. Lakini siwezi kuwaeleza habari za Kadogo kabla ya habari za kidole cha Mayi.

Mayi ni mama yetu. Ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita mama. Baba alikuwa mtu wa reli, na sote saba tuliishi chumba kimoja chenye pazia katikati. Nakumbuka jioni zetu. Wasichana tuliruka blada iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, wavulana wakapiga bano, yaani gololi, vumbini, na sote tukaishia brikicho, kujificha na kutafutana, mpaka mtu alie. Jumamosi moshi wa nyama choma ulitoka soko la Burma ukaingia madirishani bila hodi, nasi tukamega ugali kwa sukuma wiki tukijidanganya ni nyama. Mayi aliita mara moja tu. Ukichelewa, mkono wa mwenzio umeshafika kwenye mchuzi wako.

Baada ya kula hukuondoka hivi hivi. Ulisimama mbele yake, ukainua shati, naye akakubonyeza tumbo kwa kidole kimoja, chini kidogo ya mbavu. Likibonyea, mwiko ulirudi kwenye sufuria. "Hapa bado kuna nafasi ya mgeni," alisema. Likiwa gumu kama ngoma, alikupiga kikofi mgongoni: "Haya, nenda ukacheze." Nimepata vyeti kadhaa maishani, wala hakuna kilichonifurahisha kama maneno hayo. Hata watoto wa jirani walipanga foleni. Kuna siku mwalimu wa shule ya Jumapili alikataa kuongezwa kuku, nikakiona kidole cha Mayi kinainuka chenyewe, kisha kikajificha ndani ya leso. Baba alikohoa mpaka akatokwa na machozi.

Tulidhani ni kituko chake tu. Nilipokuwa darasa la sita ndipo aliponieleza, tukichambua mboga ya mrenda mlangoni. Alipokuwa msichana kijijini, mwaka mmoja wa njaa, alikuwa akila sahani moja na mdogo wake. "Alisema ameshiba ili mimi nile," Mayi akasema. "Nami nikamwamini." Akaendelea kuchambua. Mdogo wake hakuumaliza mwaka ule.

Basi kidole nikakirithi. Nilimbonyeza Nekesa mpaka darasa la nane, kisha nikaacha kidole nikabaki na mwiko. Akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, bado nilimwongezea chakula akiangalia pembeni. Vijana wa leo nao wana mambo. Wanafunga kula mchana kutwa kwa hiari yao, wanahesabu saa kwenye simu, wanauita mpango wa afya. Sisi tuliuita mwisho wa mwezi. Mwaka jana Nekesa aliisukuma sahani katikati ya meza.

"Mum, nimesema nimeshiba. Mbona huwezi kuniamini?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia hayo ni maringo ya watu wasioijua njaa. Wiki iliyofuata akahamia kwa rafiki yake mtaa wa Buruburu, nami nikabaki na sufuria kubwa na mdomo mmoja. Miezi minane. Aliniletea sabuni na sukari, akasimama mlangoni, akaondoka kabla ya chai.

Kisha mwishoni mwa mwezi wa sita akaja amebeba tangi la kioo. Kazi ilikuwa inampeleka Kisumu wiki sita, na Kadogo hakuwa na wa kumtunza.

"Mum, sikiza. Huyu akidishi leo, hali tena hadi wiki mbili ziishe. Panya mmoja, na asizidi unene wa katikati ya mwili wake. Akishameza usimguse siku mbili, hata akuangalie vipi. Maji tu ndiyo yasikose."

"Na akisikia njaa katikati?"

"Hatasikia. Na usimfosi, atatapika." Akalichezea tangi kwa ukucha. "Ukiweza kumwacha hivyo, tutaongea vile nitarudi home."

Hivyo ndivyo mlo wa nyoka ulivyogeuka mtihani wangu.

Panya wenyewe ni weupe, wa kufugwa, waliogandishwa ndani ya mkebe wa aiskrimu. Kizazi chetu kinajua vizuri kwamba mkebe wa aiskrimu ndani ya friji hauna aiskrimu, lakini hata sisi tulitarajia maharagwe. Nilimtoa mmoja, nikampasha kwenye maji ya moto, nikamning'iniza kwa koleo. Kadogo akamkamata, akajiviringisha kwake, akammeza taratibu bila kudondosha kitu. Mlaji safi. Mayi angempenda.

Shida ilianza usiku uleule, nikiwa kitandani. Wiki mbili! Nilitoka Shauri Moyo nikijua kwamba mgeni akilala kwako mara moja anakula mara tatu. Asubuhi nikamkuta kajikunja pembeni, kwenye mkeka wa umeme wa kumpasha joto, maana baridi ya Julai ilishaingia. Nyoka hana kope za kufumba. Kila nilipopita sebuleni aliniangalia kama mtu anayengoja kukaribishwa mezani. Nikafagia. Nikafagia tena. Mwishowe nikafungua kifuniko na kunyoosha kidole.

Tumbo likabonyea. Na mdomo wangu, bila ruhusa yangu, ukasema, "Hapa bado kuna nafasi ya mgeni."

Siku ya tatu nikampa panya wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Akamla! Nilifurahi mpaka nikampigia makofi peke yangu sebuleni. Jioni nikambonyeza tena kuhakikisha. Asubuhi nyumba ilinuka vibaya sana. Panya alikuwa ametapikwa, mzimamzima, na Kadogo amekuwa mpira mdogo kwenye kona, kichwa hakionekani.

Niliketi sakafuni nikalia, wala sikuwa nikimlilia nyoka peke yake. Ningeweza kusafisha na kunyamaza. Nyoka hasemi. Nikashika kitambaa, nikakiweka, nikashika simu.

"Nekesa, nimembonyeza."

"Na kidole?" akauliza.

"Na kidole. Halafu nikamwongeza."

"Mathe!" Huniita Mathe akiwa amekasirika, au akitaka kucheka, na safari hii sikujua ni lipi. "Sasa usimpe kitu wiki mbili kamili. Tumbo lake lazima lipone. Akitapika tena anaweza kufa. Mpe maji, umwache. Utaweza?"

"Sijui," nikamwambia, na ulikuwa ukweli mtupu. Halafu, kwa kuwa nilishaanza kusema ukweli, nikamsimulia habari za mdogo wake Mayi na sahani moja. Sikuwahi kumsimulia. Nikasikia watu wakipita huko aliko.

"Mbona hukuniambia, Mum?" akauliza. Nikashika tena kitambaa, nikaanza kusafisha tangi.

Zile siku kumi na nne ziliniishia miguuni. Nilifunika tangi kwa leso ili tusitazamane. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Siku ya tisa nilishindwa kukaa, nikaenda Shauri Moyo kuuona uwanja tuliorukia blada. Umejaa vibanda vya mitumba. Watoto wawili walikuwa wameketi juu ya marobota, wameinamia simu moja, kimya kama wako kanisani. Nikataka kuwauliza kama wamekula. Nikakitia kidole mfukoni, nikarudi Umoja.

Siku ya kumi na tano nikampa panya mdogo, nusu ya wa kwanza. Akamla. Nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ngazi hadi jua likazama. Kesho yake sikumgusa, wala siku iliyofuata. Chakula kikatulia. Nikangoja wiki mbili nyingine, nikampa mmoja wa kumtosha, naye akajikunja kwa raha zake kana kwamba hajawahi kunisumbua. Enzi zetu mapenzi yalipakuliwa kwa mwiko, na mwenye kupenda sana alijaza sana. Siku hizi naona wanataka tupende huku tumeketi tu, na naapa kuketi ni kazi ngumu kuliko kusonga ugali wa watu kumi.

Nekesa alirudi Ijumaa. Aliacha begi mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa Kadogo, akamwinua, akampima kwa macho. "Amenawiri," akasema. Nikaweka mezani ugali, kuku na mrenda. Nikampakulia mara moja. Alikula bila haraka, akanawa mikono.

"Nimeshiba, Mum."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Nikauweka chini, nikaikalia mikono yote miwili. "Sawa," nikasema.

Aliniangalia. Kisha akasogeza kiti karibu, akauvuta mkono wangu kutoka chini yangu, akakiweka kidole changu chini kidogo ya mbavu zake.

"Angalia basi. Mara moja tu."

Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Nilitaka kumwomba msamaha, nilitaka kumweleza juu ya ile miezi minane, lakini yalitoka maneno ya zamani tu.

"Haya," nikamwambia. "Nenda ukacheze."

Akacheka, akafuta macho, akalichukua begi lake pale mlangoni na kulipeleka chumbani kwake.