Alama za Njumu Kwenye Grini ya Tisa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, si ya harusi yangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Ni Jumamosi moja pale Kisarawe, nilipoinama kwenye majani nikijifanya naokota jani.

Nilikuwa karani wa masijala, na nilikuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Kwa nini faili hili liwe na rangi hii, kwa nini barua ya leo isubiri Jumatatu. Bosi wangu alipochoka na maswali yangu akanishauri nitafute mchezo wa kutuliza kichwa. Ndivyo nilivyofika kwenye kiwanja cha gofu cha shamba moja la zamani huko vilimani, mashimo tisa tu, na mbuzi wa jirani wakipita watakavyo. Nyumbani walinicheka. Mama alisema hajawahi kuona mtu anashinda juani akitafuta kitu alichokitupa mwenyewe.

Sasa, kwenye gofu kila shimo limezungukwa na eneo dogo la majani mafupi na laini, ndiyo grini. Hapo mpira unausukuma taratibu mpaka utumbukie. Majani yakisimama vibaya kidogo tu, mpira unakwenda kombo. Kanuni ya wakati ule ilisema hivi: mpira ukidondoka kutoka juu ukachimba grini, unaruhusiwa kulitengeneza lile kovu. Lakini kiatu cha mtu kikichimbua majani, usiguse. Na viatu vya gofu vya enzi zile vilikuwa na njumu za chuma, yale meno ya chini ya soli. Nikauliza, kovu ni kovu, liwe la mpira au la mguu, tofauti yake nini? Mmoja akaniambia ndivyo ilivyo, tucheze tu. Mwingine, mstaafu wa jeshi, akanieleza kwamba watu wakiruhusiwa kutengeneza kila kitu watajilimia barabara mpaka shimoni, na mchezo hautaisha kabla ya magharibi. Jibu hilo la pili liliniingia akilini kidogo. Hata leo siwezi kusema ni la kijinga.

Ila kulikuwa na jambo ambalo sisi wanawake tu ndio tulioliona. Pale klabuni wanaume walianza asubuhi, wanawake tulifuata baada ya adhuhuri. Kwa hiyo kanuni ilikuwa moja kwa wote, lakini wenzetu waliikuta grini imelala kama shuka, sisi tuliikuta imekanyagwa na kila mwenye njumu, na kugusa haturuhusiwi. Nilikasirika, mwanangu, tena nilikuwa na haki ya kukasirika. Hasira hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwaka huo nilifika fainali ya wanawake, nikapambanishwa na Mama Elisante, mwalimu wa Kibaha, mwenyeji wa Moshi, aliyenizidi umri kama miaka ishirini. Mshindi angesafirishwa na klabu kwenda Moshi kutuwakilisha. Mimi niliitaka safari hiyo kwa sababu sikuwahi kuvuka Mlandizi. Yeye mama yake mzazi alikuwa mgonjwa huko huko Moshi, na likizo ya shule ilikuwa bado mbali. Hilo nililijua. Aliniambia mwenyewe tulipokuwa tunanyoosha viungo, bila kulalamika, kama vile anazungumzia mvua.

Mpaka shimo la mwisho tulikuwa sawa. Mpira wake ulikuwa mbali zaidi na shimo, akaanza yeye. Kwenye njia yake palikuwa na majani yaliyochimbuliwa na njumu. Nilimwona akiyatazama, kisha akasukuma. Mpira ulipofika pale ukaruka kidogo, ukapita pembeni mwa shimo. Akaenda, akaumalizia.

Ikawa zamu yangu. Nami nilikuwa na alama ya njumu mbele yangu, hatua moja tu, na juu yake limeangukia jani la mkorosho. Kuokota jani kulikuwa ruhusa. Nikainama, nikaliokota, na kwa kiganja kile kile nikashindilia majani yaliyosimama. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Mpira ukanyooka mpaka ndani, watu wakapiga makofi.

Mama Elisante akanipa mkono, akanipongeza. Akangoja watu waelekee kivulini, ndipo akaniuliza, kwa sauti ile ya mwalimu anayetaka kweli kujua mtoto amefikaje kwenye jibu lake:

"Binti yangu, pale uliposhindilia majani, ulikuwa unafikiria nini?"

Ningeweza kukana. Badala yake nikamwaga yote. "Kanuni yenyewe si ya haki, mama. Wanaume wachimbue, halafu sisi tukatazwe kugusa? Nani alituuliza?"

"Hapo nakubaliana na wewe," akasema. "Nimelifikiria jambo hilo tangu nianze kucheza hapa. Ila nisaidie kitu kimoja. Hao wanaume saa hizi wako makwao wanakula. Pale kwenye grini tulikuwa mimi na wewe. Kanuni ilitubana sote wawili, na mimi alama yangu niliiacha ilivyo. Sasa wewe umemshinda nani?"

Mimi niliyechosha ofisi nzima kwa maswali, swali moja likanimaliza. Niliona aibu. Wala hakutishia kunishtaki. Alichukua mkoba wake akaenda kunywa maji.

Nikamfuata nahodha wa klabu, nikamweleza nilichofanya. Kwa kanuni, shimo lile likahesabiwa la Mama Elisante, na kombe likawa lake, na safari pia. Alikwenda Moshi, huko hakushinda chochote, lakini alikaa na mama yake siku nne. Mama yule alifariki kabla likizo ya shule haijafika. Mwanangu, hilo naliwaza mpaka leo. Kwa kiganja hiki nilikaribia kumnyima mtu kumuaga mama yake, na moyoni nikijiambia natafuta haki.

Aliporudi tukaandika barua kwa kamati. Niliiandika mimi, maana barua ndiyo ilikuwa kazi yangu, naye akaisahihisha kwa wino mwekundu bila huruma. Tukaomba zamu za asubuhi ziwe za kupokezana. Wakanung'unika, mmoja akatuita wakorofi, lakini baada ya miezi kadhaa wakakubali. Na wale wanaume walipoanza kucheza mchana, ghafla nao wakagundua kwamba alama za njumu ni tatizo.

Kanuni yenyewe haikuwa ya Kisarawe, ilikuwa ya dunia nzima, ikaendelea miaka mingi. Siku hizi imebadilika. Alama ya kiatu, ya mpira, hata ya kwato za mbuzi, unatengeneza, mradi usicheleweshe wenzako. Lakini vile vitundu ambavyo watunza kiwanja wenyewe wanatoboa ili majani yapate hewa, bado huruhusiwi kuviziba. Kwa nini kiatu ndiyo, kitundu hapana? Nimeuliza, na bado sijatosheka. Mama Elisante hakuishi kuiona kanuni mpya. Nilipoisoma nilimlilia.

Kwa hiyo ninachokuusia ni hiki. Utakutana na kanuni zilizopinda, kazini, mtaani, hata ndani ya ukoo. Uliza kwa nini, wala usione haya kuuliza tena. Ukiona haki imepunguzwa, sema waziwazi, andika, utie na sahihi yako. Lakini usijitwalie haki kwa siri. Ukiivunja kanuni mbaya kwa siri, aliyeitunga hahisi chochote. Anayeumia ni yule mliyesimama naye, anayebanwa kama wewe na bado hakuiba. Mtazame huyo kwanza, ndipo mkono wako uende.

Mwenyezi Mungu akupe ujasiri wa kuuliza mbele za watu, akuzungushie wenzako wa kweli, na akuepushe na ushindi ambao huwezi kumsimulia uliyemshinda. Amina.