Sahani ya Mama Nje ya Mlango wa Kioo

Juzi, siku yangu ya kwanza ya mafunzo katika nyumba ya wazee, msimamizi alifungua kabati la vifaa vya usafi na harufu ya javeli ikanipiga usoni. Javeli ni ile dawa kali ya kung'arishia sakafu na kuulia vijidudu. Nyumbani tuliiita hivyo kwa sababu wazazi wangu walitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, na jina hilo walitoka nalo huko. Wenzangu waliziba pua wakacheka. Mimi nilisema naenda msalani, nikasimama huko dakika tano nzima, nikiwa na miaka kumi na miwili tena.

Nitawaambia kwa nini, ila msinihukumu kabla sijamaliza.

Korona ilikuwa ndiyo kwanza imeingia Sydney. Machi ilikuwa inaisha, joto la mtaa wetu wa Ingleburn limeanza kulegea, na mti wa jirani ulikuwa umegeuka mwekundu upande mmoja tu. Shule ilisema anayeweza kubaki nyumbani abaki. Wiki hiyohiyo Baba alipunguziwa saa za kazi kwenye bohari alikokuwa akiendesha folklifti. Kwa hiyo walikutana watoto wasio na shule na mwalimu asiye na darasa, maana Uvira Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka yote ya kupandisha na kushusha mizigo haikumtoa ualimu mwilini.

Alianza Jumatatu. Alipangusa meza ya jikoni, akabandika ratiba kwenye friji, akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko viwe kengele. Kengele ikilia, mimi na mdogo wangu Riziki, aliyekuwa na miaka saba, tulipanga mstari koridoni tukiwa na sare kamili, soksi zimevutwa hadi magotini, tukaingia darasani hatua nne. Kisha akaita majina.

"Furaha!"

"Présente!"

"Riziki!"

"Présente!"

Tulikuwa wawili, lakini aliita kana kwamba tuko sitini, halafu akalikodolea macho daftari lake kuhakikisha hakuna aliyetoroka. Kazi za shule zilikuja kwenye laptop, na Baba aliiheshimu laptop sana, ila aliamini kwamba kitu ambacho hakijaandikwa kwa mkono hakijaingia kichwani. Kwa hiyo kila zoezi nililifanya mara mbili. Nilinuna wiki nzima. Midomo ilinivimba kwa kununa.

Mama alifanya kazi katika nyumba ya wazee upande wa Bankstown. Aliwaogesha, akawalisha, akawabadilisha nguo. Wiki hiyo kazini walimtumia masomo kwenye simu, kuhusu kujikinga na ugonjwa, yenye maswali mwishoni. Asiyemaliza hadi Jumapili asingepewa shifti. Yote yalikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza cha Mama cha mdomoni kilitosha kuwachekesha wazee hadi meno ya bandia yakawatoka, lakini cha kusoma kilimchosha. Basi Jumamosi alikaa mezani pamoja nasi na daftari lake jipya, kwa amri ya Baba, na mimi nikapewa kazi ya kumsomea.

Nilisoma mbiombio, nia yangu nifike mwisho niachiliwe. Mama alinisimamisha. "Pole pole, mama. Rudia hapo." Nikarudia. "Tena." Nikarudia. Aliponiambia mara ya tatu nirudie palepale, niliibwaga simu mezani nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba kama hawezi hata kusoma mambo haya, kwa nini wanamwacha afanye kazi kule?

Nilisema kwa Kiingereza ili maneno yakate. Tena, niwe mkweli kwenu, sehemu yangu moja ilitumaini kwamba yatampita. Hayakumpita. Baba alikuwa nje anaanika nguo na Riziki alikuwa anachora. Mama alinitazama, akafunika kalamu yake, akaifunua tena.

"Soma tu," alisema.

Nikasoma hadi mwisho. Maswali yalipofika, mimi nilibonyeza na yeye akajibu, na hakukosa hata moja.

Kesho yake jioni Mama alipakua ugali wake kwenye sahani ndogo, akaweka sombe, yale majani ya muhogo, pembeni, akafungua mlango wa kioo wa jikoni, akatoka nao.

Inabidi niwaeleze jambo moja la nyumbani kwetu. Sisi tulikula kwenye sinia moja, wanne wote, mikono ikipishana. Kula peke yako kulikuwa na maana moja tu. Baba alipogombana na mdogo wake kwa ajili ya gari lililouzwa bila kuulizana, na huyo baba mdogo alikuwa anakaa kwetu, kila mmoja alikula kwenye sahani yake karibu mwezi mzima, na hakuna aliyehitaji kutuambia kwamba hawaongei. Na kupatana kulikuwa na njia yake. Aliyekosa alileta maji, akamnawisha aliyekosewa, kisha akamega tonge kutoka sahani ya mwenzake akalila mbele yake. Basi, yameisha. Baba mdogo alikuja siku moja na birika na beseni, akamega, akatafuna, na Baba akaanza kucheka kabla mdogo wake hata hajameza.

Kwa hiyo niliijua lugha hiyo. Mama aliweka kiti cha plastiki nje, chini ya lile paa la kuegeshea gari, akatupa mgongo, akala akiliangalia gari. Ndoo ya javeli ilikuwa pembeni yake. Kila akitoka kazini alivulia sare yake humo kabla ya kuingia ndani. Ndoo niliielewa, kwa sababu habari za vijidudu zilikuwa kila mahali. Ile sahani niliona naielewa zaidi, na ndipo nilipokosea.

Nilimuuliza Baba. "Mama yako anajilinda juu ya kazi," alisema. "Muache tu." Nikaona ananificha. Watu wazima siku zote husema mambo ya kazi wanapotaka mtoto asijue kuna nini. Mama naye hakusema kitu. Alirudi amechoka, alama za barakoa zimemchimba mashavuni, akaoga, akapakua, akatoka. Aliacha hata kutubusu. Riziki alipomkimbilia alimnyoshea mkono kumzuia, na Riziki akalia hadi kwikwi zikamkamata.

Nilijua ni mimi. Nilikuwa nimemvunjia Mama heshima na sasa alikuwa ameikata nyumba nzima kwa sababu yangu. Chakula kilinishinda. Nilikuwa namega matonge nikiyasukuma upande wa Riziki, naye, kwa uroho wake aliojaliwa, hakuuliza. Baba alikuwa anasoma habari kwenye simu na hakuona kitu. Saa zikarudishwa nyuma kama inavyofanyika huku kila Aprili, giza likaanza kuingia tukiwa bado mezani, na mgongo wa Mama nje ukawa kivuli tu. Zilipita jioni kumi na moja.

Ya kumi na mbili niliamua. Nilijaza birika maji ya vuguvugu, nikachukua beseni na taulo, nikafungua mlango wa kioo Baba akiwa bafuni anamwogesha Riziki. Kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amepigiwa simu, ameingia ndani ya gari na kufunga mlango ili asikie vizuri. Sahani yake ilikuwa juu ya kiti, imeliwa nusu.

Nilingoja kidogo. Kisha nikaona labda ni afadhali hivyo, nisimwangalie usoni. Nikanawa mimi mwenyewe, nikapiga magoti kwenye saruji, nikamega tonge, nikachovya kwenye sombe yake, nikala. Nikamega la pili. Nakumbuka hata ladha, mawese na pilipili, na jinsi kifua kilivyoanza kunifunguka. La tatu lilikuwa mdomoni mlango wa gari ulipofunguliwa.

"Tema!"

Sijawahi kusikia sauti ile kwa Mama, wala kabla wala baada.

"Furaha, tema! Tema yote! Nani alikutuma? Nani alikuambia ukule hapa?"

Nilitema kwenye beseni. Nilitaka kumwambia kwamba nimekuja kupatana. Alikuja mbio, kisha akasimama hatua tatu kutoka nilipokuwa, mikono hewani, akashindwa kuja mbele na akashindwa kurudi nyuma. Baba alitoka na povu mikononi.

"Ule mwenzangu wa shifti," Mama alimwambia. "Wa juzi. Bamemukuta na ugonjwa. Na huyu mutoto ametoka kula kwenye sahani yangu." Akakaa chini, pale pale kwenye saruji, akalia.

Tulifungiwa siku kumi na nne. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Mama aliingia kimoja na mimi, kwa sababu ya yale matonge, nikaingia kingine peke yangu. Baba na Riziki walilala sebuleni. Kila mmoja wetu alipotoka chooni Baba aliingia nyuma yake na javeli, akasugua hadi macho yakamtoka machozi, au ndivyo alivyosema kuhusu yale machozi. Harufu ilipita chini ya mlango wangu usiku na mchana. Sasa mimi nami nilikuwa na sahani yangu, imewekwa sakafuni koridoni, na niliona ninastahili. Niliogopa kufa, lakini kilichonitisha zaidi ni Mama kufa akiwa bado amenikasirikia.

Shule haikusimama. Kengele ya sufuria ililia asubuhi na Baba akaita majina koridoni.

"Riziki!"

"Présente!"

"Furaha!"

"Présente," nilisema nyuma ya mlango.

Kisha, siku ya kwanza ile, akaongeza jina. "Mama Furaha!"

Baba akangoja. Nilisikia anavyopumua. Halafu ukutani, upande wa pili wa kitanda changu, ukaja mgongo wa kidole: ko, ko. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, na kila asubuhi nilikaa nimeweka kiganja kwenye ukuta tangu kabla ya kengele. Siku ya nne alichelewa kugonga. Alikuwa na homa. Baba aliita mara tatu, na mara ya tatu sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

Siku ya tano homa ilishuka, na siku hiyohiyo kazini wakamtaka ayapitie tena yale masomo ya simu. Nilimwomba Baba aniachie nimsomee, naye akayafungua kwenye laptop akaniwekea mlangoni. Niliketi sakafuni, mdomo kwenye ukuta, nikasoma kwa sauti, kipande kwa kipande, nikikigeuza kila kimoja kuwa Kiswahili. Sikukimbia. Nilifika mahali palipoandikwa kwamba mfanyakazi anayewagusa wagonjwa ajitenge na watu wa nyumbani kwake, asile nao chombo kimoja, hasa watoto.

"Hapo," Mama alisema kutoka upande wa pili. "Ni hapo nilikuomba urudie."

Nililia sana. Nilimwambia yote kupitia ukuta ule, maneno yangu ya Kiingereza, sahani, maji ya vuguvugu niliyoyaleta. "Nilisikia," alisema. "Iliniuma. Sasa soma, tumalize."

Majibu ya vipimo yalikuja safi, yake na yangu. Homa yake ilikuwa homa tu. Siku zilipokwisha Baba alipika mwenyewe, ugali wenye madonge, akauweka kwenye sinia katikati ya meza. Mama alinawa, akakaa, lakini hakumega hadi sisi tulipomega. Nilidhani hadithi imeishia hapo, na kwa miaka nimekuwa nikiisimulia hivyo, kwamba nilimsomea mama yangu maneno ambayo yeye aliyasikia na mimi sikuyasikia.

Kumbe sikuwa nimemaliza. Siku ile ya kabati la usafi nilirudi nyumbani jioni, sikutaka kuingia ndani na uso ule. Kile kiti cha plastiki bado kipo. Nilikaa kama alivyokaa yeye, mgongo kwa nyumba, uso kwa gari. Jikoni Riziki aliwasha taa, na kioo cha dirisha la gari kikajaa. Meza ilikuwa humo, friji, Baba na miwani yake, Riziki akipanga vikombe. Kila kitu kilionekana, kidogo na safi. Na kiti kitupu, kile ninachokalia mimi tangu utoto, kilikuwa katikati kabisa ya kioo.

Mama alitoka na bakuli la muhogo wa kumenya. Nilimuuliza kama siku zile alikuwa anatuona. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Bugali yako yote ulikuwa unamupatia Riziki," alisema. "Ulizani sikuwa naona?"